Karai la Maji kwenye Nyumba ya Kona

Nasikia kuna watu wanataka kile kipindi cha vichekesho cha Jumapili jioni kirudishwe tena kwenye televisheni. Wanasema siku hizi hakuna vichekesho, zamani ndiyo tulicheka. Mimi huwaacha wamalize, kisha nawaomba wanitajie kichekesho kimoja tu wanachokikumbuka. Hapo hujikuna vichwa. Mwishowe mmoja husema, "Si yule bwana alikuwa akijificha kabatini?" Ndiyo, alikuwa akijificha kabatini. Miaka yote ile mama mkwe alikuja bila taarifa, bwana mwenye kofia akaruka kabatini, na kabati likafunguka. Ukikosa wiki tatu hukuwa umekosa chochote.

Na sisi watazamaji, kwenye mstari wetu wa nyumba za chumba kimoja huku Eastlands, hakuna aliyekuwa na kabati la kumtosha mtu. Nguo zetu zilining'inia kwenye misumari nyuma ya pazia. Tulimcheka mtu mwenye sebule kubwa kuliko nyumba nne za kwetu, tukarudi kulala watatu kitanda kimoja, tumefurahi. Jambo hilo linaniudhi hadi leo.

Televisheni mstarini ilikuwa moja, ya mama wa nyumba ya kona. Marehemu mumewe alikuwa msimamizi katika kiwanda fulani cha Industrial Area. Aliinunua, akaitazama miezi michache, akafa. Hawakujaliwa watoto. Mama akabaki na lile dude la miguu minne, ndani ya sanduku lake la mbao lenye milango miwili na kufuli. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la leso.

Kuingia kwake kulikuwa na masharti kuliko kushiriki meza ya Bwana. Mlangoni aliweka karai la maji na taulo. Unavua viatu, unaosha miguu, unainua nyayo moja moja azikague, ndipo unapita. "Hii mguu imetoka wapi, Mathare mtoni?" angekuuliza mbele ya watu. Watoto tulikaa chini kwenye simiti, kina mama kwenye mabenchi, wanaume kwenye makochi yenye vitambaa alivyofuma kwa mkono wake, na ole wake mwanamume aliyeegemeza kichwa chenye mafuta. Yeye alikaa kwenye kigoda kando ya sanduku, mgongo ukutani, ametugeukia sisi, mwiko wa ugali mkononi. Mtu akigusa pazia, mwiko unanyooka. Akisinzia, unanyooka pia.

Akiamua watu wametosha, anasimama mlangoni na kusema, "Leo tumejaa." Wewe unaona kwa macho yako benchi lina nafasi ya watu wawili, lakini tumejaa.

Mimi niliambiwa tumejaa Jumapili nne mfululizo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja na kosa langu lilikuwa kucheka mapema. Nilijua kabati litafunguka, kila mtu alijua, basi nikacheka kabla halijafunguka. "Wewe, hapana haribia watu," akasema, na mwiko ukanionyesha mlango. Nilisimama nje chini ya dirisha nikisikiliza wenzangu wakicheka, mama yangu mzazi akiwa miongoni mwao, tena kwa sauti. Nikaapa kwamba siku moja nitakuwa na televisheni yangu, huyu mama atakuja mlangoni, nami nitamwambia tumejaa. Nilifanyia mazoezi sauti ya kulisema neno hilo.

Kipindi chenyewe kiliisha bila kuaga. Jumapili moja tuliosha miguu, tukakaa, tukaletewa mtu mwenye tai akieleza ugonjwa wa viazi. Tulimtazama hadi mwisho kwa kuogopa mwiko. Jumapili iliyofuata tulikuja wachache, ile nyingine sikumwona mtu. Watu walioapa kwamba hawawezi kuishi bila nyumba ile walianza kupita kona wakimsalimia kutoka barabarani, bila kupunguza mwendo. Karai lilikaa mlangoni wiki kadhaa, kisha akaanza kuloweka nguo ndani yake.

Sikufika mbali maishani. Nilijifunza kupiga chapa, nikapata kazi kwa wakili mjini, nikaolewa na kijana wa mtaa huohuo, tukapata nyumba mkabala na ile ya kona. Miaka ya themanini ilikuwa imeingia. Nikitoka kwenda kazini mama alikuwa ameketi kizingitini, na baada ya salamu swali lilikuwa lilelile: "Huko mjini hamjasikia kama itarudi?" Kana kwamba mawakili ndio hupanga vipindi.

Siku moja alinifuata hadi kwangu. Alitaka barua, ipigwe chapa, iende kwa wakubwa wa televisheni, na mstari mzima utie sahihi. "Waambie watu wanaumia," alisema. Nilimuuliza wanaumia wapi. Alinitazama akasema, "Wewe andika tu, mama. Wewe umesoma."

Niliandika. Nakiri niliandika kwa kejeli: wakazi tunateseka, watoto wamesahau kucheka. Hakuna aliyeiona kejeli. Mama alizunguka na karatasi ile kwenye foleni ya mfereji wa maji asubuhi baada ya asubuhi. Mzee wa kanisa alitia sahihi mara mbili, moja ikiwa ya mkewe, aliyekuwa mashambani. Mwanamume mwingine alikataa katakata mpaka niongeze malalamiko juu ya mtaro uliozibwa. Kijana mmoja ambaye hakuwahi kukiona kipindi alisema, "Mathe wa kona ako sawa, hiyo kitu irudi," akachora sahihi yenye mkia. Na wote, kila mmoja kwa kinywa chake, waliahidi kwamba kikirudi watakuja kwake vilevile. Nami niliahidi.

Kikarudi. Sidhani barua yetu ilifunguliwa, lakini mstari mzima ulijigamba kana kwamba tumeleta uhuru. Mama alifua vitambaa vyote akavianika kwenye ua. Aliazima mabenchi mawili kanisani, na namna alivyoyabeba kichwani, moja baada ya jingine, ungesema ana miaka ishirini.

Kilichokuwa kimebadilika ni mapaa. Mama alikuwa mtu wa kuangalia miguu, hakuwahi kuinua macho. Kutoka kona hadi mwisho wa mstari, karibu kila paa lilikuwa na antena. Zile televisheni ndogo zilikuwa zimejaa madukani, na watu waliziingiza nyumbani zimefunikwa shuka, kwa aibu ambayo hakuna aliyeieleza. Yetu tuliiweka juu ya meza ya jiko la stovu. Kila mtu alijua kuhusu ya jirani, na hakuna aliyemwambia yeye.

Jumapili ile, saa kumi na mbili kasoro, niliona kupitia dirishani karai limetoka, maji safi, taulo jipya. Mume wangu akauliza, "Si tuende?" Nikasema wengine wataenda, tukijaa tutamsumbua bure. Naamini neno hilo lilisemwa katika kila nyumba ya mstari ule. Muziki wa kuanzia ulipolia, nilipunguza sauti ili asisikie. Kisha nikagundua kimya cha ajabu. Mstari mzima ulikuwa umepunguza sauti. Watu wazima waliotia sahihi kwamba watoto wamesahau kucheka walikuwa ndani ya nyumba zao wakicheka kwa kuziba midomo.

Yeye alikaa kizingitini, mgongo kwa nyumba, mwiko magotini, akitazama njia. Sanduku halikufunguliwa. Kipindi kilipokwisha alisimama, akainua macho hadi kwenye paa letu, akamwaga maji, akaingia. Nilijiona mtu wa hovyo, nikampikia mume wangu chapati tatu zaidi bila sababu.

Jumapili iliyofuata muziki ulipoanza nilisikia hodi. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu, ndala mkononi, miguu imelowa. Alikuwa ameiosha kwake, akavuka njia peku kwa ncha za vidole ili asiichafue. Aliinua unyayo mmoja akanionyesha, akashika mlango, akainua wa pili.

"Iko nafasi?" akauliza.

Miaka yote ile nilikuwa nimelitunza lile neno. Lilikuwa hapo mdomoni, na sauti yake niliyoifanyia mazoezi. Nilitazama zile nyayo zilizokunjamana kwa maji, na chumba changu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukivulia viatu, na nikaona haya hadi masikioni.

"Ingia na ndala zako, mama," nikasema. "Hapa hatuna masharti."

Alikataa. Aliziacha nje, zimepangwa. Mume wangu aliinuka kumpa kochi, lakini mama akavuta kigoda moja kwa moja hadi kando ya televisheni, akaegemea ukuta, akatugeukia. Nikamwambia hapo haonekani mtu, asogee huku. Alisogea kwa kusitasita, akakaa katikati yetu, mikono mapajani, macho kwenye kioo.

Mama mkwe alikuja bila taarifa. Bwana mwenye kofia, sasa amezeeka na magoti hayamtii, alipanda kabatini kama mtu anayeingia kwenye beseni la maji baridi. Mama alimkazia macho.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Nilidhani anatania. "Ndiye mwenyewe, mama. Bwana wa kabati."

"Yule aliyekuwa anawachekesha?"

"Yeye."

Alimtazama muda mrefu, hadi kabati likafunguka na sufuria zikamwagika.

"Mimi nilifikiria ni mtu mnene," akasema.

Miaka kumi na zaidi alikuwa amesikia sauti yake tu. Aliendelea kutazama kidogo, kwa heshima, jinsi mtu anavyomsikiliza mgeni anayezungumza lugha asiyoijua. Kisha akainuka, akakirudisha kigoda kando ya televisheni, akakaa mgongo ukutani, akatugeukia mimi na mume wangu, akangoja.

Nilinyoosha mkono nikaongeza sauti hadi mwisho, mtaa wote usikie. Tukaanza kucheka.