Vipande Vilivyozunguka Kinyume

Mama alituachia boksi la vipande themanini vya kroshia, vyeupe vyote, na kazi moja tu: kuviunga viwe shuka la kitanda cha mdogo wangu. Alimwahidi tangu yuko sekondari kwamba siku ya sendofu, akiagwa kwenda kuolewa, atapewa shuka lililofumwa na mama yake mwenyewe, si la dukani. Mama akafariki zabibu zikivunwa. Sendofu ikapangwa kabla ya mavuno mengine, na shuka likaniangukia mimi, mtu ninayeshinda ofisini mjini nabonyeza kompyuta.

Kuunga nilijua, au nilidhani najua. Mama alinifundisha nikiwa mdogo, hapa hapa Makutupora, kwenye mkeka. Unalaza vipande viwili ubavu kwa ubavu, uso juu, usivibebanishe. Unapitisha sindano kwenye uzi wa nje tu wa kila jicho, kile kitanzi cha ukingoni, huku na huku, bila kuvuta. "Ukipitisha kidole ukausikia mshono," alikuwa akisema, "fumua."

Safu ya kwanza ilikwenda vizuri mpaka nikajisifu. Ya pili ikanivuruga. Nilifika kona ya kipande nikakuta jicho moja limebaki upande mmoja, halina mwenzake. Nikahesabu: macho sawa. Nikafumua, nikaunga tena, jicho likabaki tena. Nikakigeuza kile kipande, sasa nyuma ikawa mbele, ikaonekana vibaya. Nikakirudisha. Jamani, niliwahi kufunga hesabu za idara nzima na sikuchanganyikiwa namna ile.

Nikavichambua vyote. Vipande kumi na tisa vilikuwa na tabia hiyo hiyo, na vyote vilikuwa chini kabisa ya boksi, pembeni ya sindano ya kroshia ya mama. Nikasema basi, ni ugonjwa. Miezi ya mwisho mikono yake ilikuwa inatetemeka hata kikombe hashiki. Nililia kidogo, halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia natafuna midomo: nikafumua kimoja, nipate uzi wa kukifuma upya mwenyewe.

Jumapili, mama mdogo akaja kutoka Zuzu baada ya ibada. Nikamwekea vipande mapajani. Akavigeuza, akavisogeza dirishani, akaniangalia kama mimi ndiye mgonjwa.

"Hivi vimezungushwa kinyume," akasema. "Huyu aliyefuma ni mtu wa mashoto."

"Mama hakuwa wa mashoto."

"Ndiyo nakwambia sasa. Dada yangu hakufuma hivi."

Nilichanganyikiwa, halafu nikakasirika, na hasira yenyewe sikujua naielekeza wapi. Yaani mama alimpa mtu baki kazi ya mwanawe? Nani? Jirani? Dada wa kazi aliyeondoka? Na kama shuka si la mama, Jumamosi kwenye sendofu nampa nini mdogo wangu? Niliwapitisha kichwani wanawake wote wa mtaa, mmoja mmoja, nikiwatazama mikono.

Wanawake. Ndipo nilipopotelea.

Asubuhi nilimfuata baba shambani kumpelekea chai. Nikamkuta anapunguza matawi ya mizabibu, mkasi uko mkono wa kushoto. Miaka yote nimemwona hivyo. Lakini baba anaandika kwa kulia, maana shuleni walimchapa mpaka akahama mkono, na mimi nikimfikiria baba namwona anasaini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama?"

"Vile vipande vya chini ya boksi," nikasema.

Akafunga mkasi. "Mikono ilipomgomea, alilia siku mbili," akasema. "Akanikalisha pale kitandani akanifundisha. Nikikosea ananifokea. Akaniambia asijue mtu, mtoto aamini mama yake kamaliza." Akapangusa mkasi kwenye suruali. "Vimekushinda kuunga?"

"Kimoja nimekifumua, baba."

Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza. Aliuliza tu kipi, nikamwonyesha ule uzi uliobaki na mikunjo yake. Akasema hicho kilikuwa cha kwanza, alikifuma siku nne.

Jioni alikifuma tena, mlango umefungwa, majirani wasione. Mimi nikaketi chini na vingine. Kwenye vipande vyake nilianza kuhesabu jicho moja mbele, na mshono ukalala. Kumbe ilikuwa jicho moja tu.

Kwenye sendofu shuka lilitandazwa juu ya meza, akina mama wakapiga vigelegele. Mdogo wangu alipitisha kiganja huku na huku akilia, akasema, "Mama alimaliza." Baba akapiga makofi kama wengine. Nilitaka kusema. Nilitaka pia kunyamaza. Sijui hata sasa kama nilinyamaza kwa heshima au kwa woga.

Wakati wa kukunja, baba akaniinamia, akagusa kipande kimoja cha katikati, akakipapasa polepole.

"Hiki cha mama yako," akasema. "Unaona alivyokuwa anakaza?"

Kilikuwa chake yeye, kimezungushwa kinyume. Nikamwambia ndiyo, baba, naona.