Trei ya Chuma, Trei ya Kaboni

Wakiuru wa Majengo anauza nafaka na mayai, na gorogoro lake halijawahi kumpunja mtu. Mahindi, maharagwe, ndengu, vyote hupita kwenye mkebe uleule. Ndiyo maana kemia ilimtoa kijasho.

Aliacha shule kidato cha tatu, akazaa, akalea. Sasa Kim, kifungua mimba wake, amepata kazi mjini Kenol, naye mama mtu, kwa miaka yake arobaini na mmoja, anautaka uuguzi kwa roho yote. Bila kemia chuo hakimchukui. Na Mwalimu Mugo, anayefundisha watu wazima jioni, alishasema: asiyefikisha nusu ya alama katika jaribio la Jumamosi hatasajiliwa kwa mtihani wa mwaka huu.

Katika jaribio la kwanza Wakiuru alipata tatu kati ya thelathini. Alikuwa ameonyeshwa kaboni: gawanya gramu kwa kumi na mbili, upate moli. Basi akagawanya kila kitu kwa kumi na mbili, hata chuma. Muuza nafaka gani hubadilisha mkebe kwa kila gunia?

Alhamisi akaja Kabura, mteja asiyeridhika hata umpe duka zima. Alinyanyua trei ya mayai ya kienyeji na ya gredi, yale makubwa ya kuku wa kisasa, akalalamika kwamba ya kienyeji ni nyepesi, anaibiwa.

"Hesabu mayai, wacha uzito," Wakiuru akamwambia. "Trei ni thelathini, ikuwe ya kienyeji ama ya gredi."

Maneno yake mwenyewe yakamzindua. Kumbe moli ni trei! Idadi ni ileile, uzito ndio hutofautiana: trei ya kaboni gramu kumi na mbili, ya chuma hamsini na sita. Gramu ishirini na nane za chuma ni nusu trei, na atomu zake ni nusu ya ile idadi ya kutisha, 6.02 × 10²³. Kwa furaha alimwongezea Kabura yai moja. Kabura hakuelewa, lakini hakulirudisha.

Jumamosi alipata ishirini na sita. Kando ya kila hesabu palikuwa na kimchoro.

"Mama Kim, hii ni nini?" Mugo akauliza.

"Ni trei, mwalimu. Idadi ni moja, uzito ndio tofauti."

Mugo akacheka, akavuta fomu ya usajili, akaandika jina lake na mbele yake Kemia. Wakiuru alilitazama jina hilo mpaka macho yakamlowa.

"Jumamosi ingine ukuje na trei mbili," mwalimu akasema. "Hawa wenzako bado wanapima kila kitu na gorogoro moja."