Viwavi Niliowabatiza

Mke wangu alipopanda mtumbwi na watoto kuikimbia milio ya bunduki, mimi nilibaki kijijini Songo kwa sababu ya nyanya. Ndivyo nilivyomwambia. Ukweli ni kwamba safari ya Kamanyola, mji wa jirani, peke yake hunichosha wiki nzima, na maasi yalikuwa bado hayajafika kitandani kwangu.

"Weye utaoa hiyo tomati," alisema, kitenge kimelowa hadi magotini. "Sikiya. Ikikufa, unatufuata. Apana kuleta hadisi."

"Ikikufa, nitakuja," nikaapa.

Siku chache baadaye viwavi wakaingia bustanini. Kila jani walilotoboa lilinisogeza karibu na mtumbwi.

Dawa sikuwa nayo. Nilikuwa na kopo la unga aliloniachia agronomi mmoja, yaani bwana shamba, baada ya uhuru, alipokuwa akifunga masanduku yake. Alinieleza kwamba mle hamna sumu, ni vijidudu vya udongoni visivyoonekana kwa macho. Kiwavi akivila, tumbo linaharibika. Nami, kwa kuwa nimesoma sekondari, niliitikia kwa kichwa kabla hajamaliza.

Nikakoroga unga kwenye beseni, nikachovya fagio na kunyunyizia mimea saa sita, jua kali, kama tulivyozoea na ile dawa ya buluu ya kuzuia ukungu, ili ikauke haraka. Jirani yangu mjane, ambaye naye alikuwa amebaki, akaegemea ua.

"Baba, uko unabatiza bidudu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi bape na majina. Benyewe ndio bajirani sasa. Bengine bote bamekwenda."

Kesho yake viwavi walikuwa wanakula kwa raha, na mjane alicheka hadi akakaa chini. Ndipo nikakumbuka yale ambayo agronomi alisema wakati mimi naitikia: jua kali huviua hivyo vijidudu. Nilikuwa nimewachoma askari wangu kabla ya vita. Unga uliobaki ulitosha mara moja tu. Nikangoja jua lizame nyuma ya milima, nikanyunyizia hadi chini ya majani.

Asubuhi viwavi walikuwa hai. Nikafunga nguo zangu kwenye shuka. Lakini nilipoinama kuwaaga, niliona hakuna aliyekuwa anakula. Walikaa tu pale juu ya majani, kama mimi barazani. Nikaahirisha safari, kuahirisha nakuweza. Siku ya tatu walikuwa wananing'inia, weusi, vichwa chini.

"Mama!" nikapaza sauti kuelekea uani. "Bakristo bangu bamekufa bote!"

Hakuna aliyecheka. Mlango wa mjane ulikuwa umefungwa kwa kamba, na jikoni kwake majivu yalikuwa yamepoa.

Nikafungua shuka, nikarudisha nguo msumarini. Nyanya zilikuwa zimepona, na mimi sikuwa tena na sababu ya kuondoka. Zilipoiva nilipika sufuria la watu saba, kwa mazoea. Nikalila siku nne, nikijisifu kwa sauti, ili nyumbani pasikike mtu akisema.