Nilimwokoa mama mkwe kwenye kinamasi, sasa nadaiwa ng'ombe na mke kabaki kwao

Wakuu, heshima zenu. Kwenda kumtazama nzohe kumenigharimu mke. Ng'ombe bado sijatoa. Siongezi chumvi hapa, iliyopo inatosha.

Mimi nanunua na kuuza vifaa vya wachimbaji huku Tarime. Tangu dhahabu ichangamke, kila mwenye sururu ni bosi, na mbao za kuzuia duara, yaani shimo la dhahabu, lisibomoke, tunaziita matimba, zimeadimika kuliko dhahabu yenyewe.

Mama mkwe wangu ni wa Kenyamonta. Siku zote alitamani kumwona nzohe, yule swala wa kwenye mafunjo, kabla macho hayajaisha. Mke wangu Bhoke, mwenye mimba kubwa, akaniomba tumpeleke kwenye ile njia ya mbao za kijani, yenye vibao vya kuelekeza wageni, iliyojengwa juu ya kinamasi.

Getini nikabana bei. Mtembeza wageni akasema kwa hela hiyo twendeni wenyewe. Nikajiona mjanja.

Kwa wasiojua: kwetu Wakurya, mkwe na mama mkwe hawagusani, hata kuongea ni kwa kupitia mtu. Basi akatangulia yeye, Bhoke katikati, mimi nyuma kabisa nikitazama ndege.

Nzohe akatokea kweli. Mama akawa anamtazama huku anatembea, na mbele mbao hazikuwepo. Zimeng'olewa. Akazama hadi kifuani.

Bhoke na tumbo lile asingeweza kuinama. Nikampita, nikamshika mama makwapani.

"Bhoke, mwambie aniache," mama akasema.

"Bhoke, mwambie mama nikimwacha anazama."

"Mwambie ni afadhali."

Nikamvuta. Kitenge kikabaki kwenye tope. Nilifumba macho, wakuu, ila nani atanitolea ushahidi? Nzohe alishakimbia.

Wazee wakakaa. Nitoe ng'ombe wa kusafisha aibu, na Bhoke abaki kwao hadi nitoe. Aliyepaza sauti kuliko wote ni shemeji Chacha, mtoto wa mama huyohuyo, mchimbaji wa karibu na Kewanja.

Nikamfuata kwenye duara lake kumbembeleza. Nachungulia mdomoni mwa shimo, naona matimba yana rangi ya kijani, na moja lina mshale na picha ya ndege. Nikatazama mara mbili. Ni mbao za kinamasini.

Nikamuuliza. Akapangusa jasho.

"Shemeji, mbao hazikumshika mama. Umemshika wewe. Leta ng'ombe."

Nilichojifunza: ukikata bei, uliza kwanza kilichokatwa ni nini. Yule mtembeza wageni alijua pengo lilipo.

Nikimtaja Chacha, anafungwa, na hela ya dawa za macho ya mama hutoka kwenye duara hilo. Mbao zikitolewa, vijana walio chini wanafukiwa. Nikinyamaza, nalipa ng'ombe kwa pengo alilolifungua mwanawe, na Bhoke atajifungua muda wowote, mimi nikiwa sina ruhusa ya kukanyaga uwanja wa kwao.

Wakurya wenzangu na wenye wakwe wagumu, nishaurini. Nitoe ng'ombe, au niseme?