Matope ya Jezi Namba Kumi na Moja

Juzi jirani yangu hapa Ruiru aliloweka nguo za mtoto wake mlangoni, na harufu ikapanda ngazi hadi kwangu kabla sijamaliza chai: sabuni ya kipande na udongo mweusi uliolowa. Nilikuwa nairudia sentensi moja kwa mara ya ngapi sijui, maana mimi ni mtu wa kurudia. Nikiona doa kwenye kitu situlii. Lakini harufu ile iliponifikia niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimesharudi Makongeni, Thika, chini ya kamba ya nguo ya mama.

Timu yetu ya mtaa ilivaa kijani na njano, kwa hiyo watu wa mitaa mingine walituita Mananasi. Hatukukasirika sana, ukizaliwa Thika, penye mashamba ya mananasi, unazoea. Timu haikuwa na uwezo wa kulipa dobi, ndiyo maana kila jezi ilikuwa na nyumba yake. Nyumba ikipewa namba, inaifua, inaianika na kuitunza mpaka siku ya kuvaliwa. Sisi tulikuwa na namba kumi na moja. Kijana aliyeivaa kwa miaka alipata kazi Nairobi akaenda zake, na jezi ikabaki imekunjwa kwenye sanduku la mama, mpaka kaka yangu Njoro alipomaliza shule na kuambiwa aje nayo mazoezini.

Baba hakupendezwa. Alikuwa mtu wa kiwandani, na kwake mpira ulikuwa kitu cha kutazama ukiwa umeshafanya kazi. Mjomba naye alikuwa na shughuli kwenye machimbo ya mawe upande wa Juja, akahitaji mkono mwingine. Jioni moja, akimega ugali, Baba alitoa uamuzi wake: mechi ya kwanza ya msimu ikianza Njoro akiwa uwanjani, atamwacha acheze mwaka mzima. Ikianza akiwa nje, Jumatatu ataenda kwa mjomba. Njoro akasema sawa. Mama alimwongezea sukuma wiki. Mimi, mtoto wa darasa la nne, ndiye niliyeuchukua uamuzi huo nikalala nao kama jiwe chini ya mto.

Mwaka huo ndipo tulipopata kocha mpya, tena kutoka Ruiru, jambo ambalo kwa wazee wa mtaa lilikuwa kosa kabla hajafungua mdomo. Kocha wa zamani alikuwa mtu wa kelele, na mazoezi yake yalikuwa kama soko. Kila jioni mashabiki walijipanga pembeni ya uwanja na kila mmoja alikuwa kocha. Fundi wa viatu aliwashauri mabeki, mwenye bucha alimshauri mshambuliaji. Mama Shiku, jirani yetu aliyeuza chapati, aliwahi kuingia katikati ya uwanja na kijiko cha mafuta mkononi kumwonyesha winga pa kusimama. Winga alisimama hapo. Ni nani angebishana naye?

Kocha mpya alikuja jioni ya kwanza, mwembamba, kofia mkononi. Aliwasalimia watu vizuri, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba mazoezi hayatafanyika Makongeni tena. Atawapeleka vijana mbali, na tafadhali watu wasiwafuate.

"Mtawaona siku ya mechi," alisema. "Kama mnawapenda, wacheni kwanza waive."

Sijawahi kuona mtaa ukinuna namna ile. Watu waliozoea kuijua timu yao kama wanavyojua sufuria zao sasa walibaki kukisia. Wachezaji walikatazwa kusimulia, na hata wasingekatazwa, walirudi wamechoka kiasi cha kulala na viatu. Njoro alikuwa akijibu kila swali kwa neno moja: "Tumefanya."

Lakini jezi hazikuambiwa zinyamaze.

Ni Mama Shiku aliyeanza. Nyumba yake ilifua jezi ya kipa, na siku moja kwenye bomba alisimama akaichunguza kama mtu anayenunua kuku. Kwetu udongo ni mwekundu. Jezi zile zilikuwa na matope meusi yanayonata, yale ya upande wa Murera. Akatangaza kwamba kocha anawakimbiza kwenye udongo mzito makusudi, ili wakirudi kwa udongo wetu wapae. Jambo hilo likawapa watu raha ya ajabu. Kuanzia hapo, kufua kukawa ndiyo habari. Doa la nyasi kwenye kiwiko lilimaanisha wanafundishwa kuteleza. Chumvi nyeupe ya jasho kwapani, leo walikimbia tu. Jezi ya kipa ikirudi safi, ubishi ulidumu siku nzima: hakuna aliyeweza kumfunga, au hakuna aliyeweza kulenga goli?

Wanaume nao wakaja. Walipitia uani kwetu wakitoka kazini, mikono nyuma, wakainama juu ya karai na kutikisa vichwa kama wanaotazama ng'ombe wa maonyesho. Mama alilazimika kuchelewa kuloweka mpaka wamalize kutazama.

Na katika jezi zote, iliyokuwa chafu kuliko nyingine, siku zote, ilikuwa yetu.

"Mama Njoro, huyu kijana wako hana mchezo," Mama Shiku alisema siku moja, akiiinua namba kumi na moja kwa vidole viwili mbele ya watu. "Angalieni. Namba tisa imekuja kama imetoka kanisani. Hii imekuja kama imetoka kulima."

Uani kote watu walicheka, na kuanzia siku hiyo Njoro akawa mtu mkubwa. Mwenye bucha akamwekea mifupa ya supu. Kinyozi akamkalisha kwenye kiti mbele ya wazee. Watu wakaanza kusema kwamba mwaka huu Mananasi wataiva, kwamba kocha wa Ruiru huenda ana akili, kwamba tukiwa na winga anayechafuka hivyo hakuna wa kutusimamisha. Nami niliyechukia madoa, niliyefuta daftari mpaka karatasi ikatoboka, nilianza kuyapenda matope yale. Nilisugua jezi kwa brashi polepole ili yasiishe haraka. Kila tope lililotoka niliona ni jiwe moja ambalo Njoro hatalibeba.

Jioni moja nilimkuta mama ameitandaza jezi magotini. Aliigeuza, akatazama mbele, akatazama nyuma, akairudisha mbele. Kisha akaitumbukiza majini kabla wanaume hawajafika. Nilipomkumbusha kwamba watakuja kuiangalia, alisema wataangalia ya kesho.

Siku ya mechi ya kwanza wageni walikuja na yule mshambuliaji wao mkubwa, aliyetutesa miaka yote, mtu mwenye mabega kama mlango wa lori. Nilipiga jezi yetu pasi ya makaa asubuhi mara mbili. Baba alivaa koti, akasimama peke yake karibu na kona ya uwanja. Kocha akasoma majina. Nilisubiri jina la Njoro mpaka kocha alipokunja karatasi na kuitia mfukoni.

Njoro alikaa kwenye benchi. Alipasha misuli kando ya mstari, akaenda, akarudi, akaketi tena. Uwanjani mambo yasiyowahi kuonekana yalikuwa yakitokea. Yule mtu wa mabega hakuweza kugeuka. Akitaka kwenda kulia, beki wetu alikuwa ameshafika kulia. Akijifanya ameacha mpira, hakuna aliyedanganyika. Tulishinda kwa bao moja, na Mama Shiku akalia machozi akiwa amemkumbatia fundi wa viatu. Mimi nilikuwa naangalia namba kumi na moja tu, ikiwa bado na mstari wa pasi mgongoni. Nitawaambia ukweli: nilimwomba Mungu Njoro ajikwae njiani kurudi nyumbani, aanguke kidogo tu, ili jezi isiingie nyumbani ikiwa hivyo.

Hakuanguka. Alinipa jezi mlangoni, nami nikaanza kuikunja niirudishe kwenye sanduku. Mama akaleta karai.

"Mama, iko safi," nilisema.

"Imevaliwa."

Akamimina maji, akaanza kusugua kola. Njoro alikuwa amekaa kwenye kizingiti akivua soksi, na Baba ameegemea ukuta bado na koti lake. Nyuma ya nyumba watu waliimba. Hakuna aliyetaja Jumatatu, lakini Jumatatu ilikuwa imekaa hapo pamoja nasi.

Ndipo Njoro akaongea bila kuulizwa. Alisema kocha alimpa kazi yake wiki ya kwanza: awe yule mshambuliaji wa wageni. Kocha alikuwa amemtazama mtu yule mara nyingi, akamfundisha Njoro anavyokimbia, anavyoweka bega, anavyodanganya. Kila jioni Njoro aliwaendea mabeki wetu hivyo hivyo, nao wakamwangusha, akainuka, wakamwangusha tena, mpaka wakamjua yule mtu bila hata kumwona.

"Mimi ndio nilikuwa adui," alisema.

"Najua," mama alisema, bila kuinua macho. "Mwenye kuangusha huchafuka ubavu. Hii matope yako yote ilikuwa mgongo."

Baba alijitoa ukutani. Kisha akauliza, "Na Jumamosi ijayo?"

"Kuna timu ingine. Kocha amesema nitakuwa winga wao."

Baba alisikiliza zile nyimbo za nyuma ya nyumba. Akavua koti.

"Basi kula vizuri," alisema. "Heri uangushwe na watu kuliko uangushwe na njaa."

Jumatatu ilifika, na mjomba akatafuta mtu mwingine. Njoro aliingia uwanjani mara chache msimu ule, akafunga bao moja kwa goti, na mwaka uliofuata alienda machimboni kwa hiari yake mwenyewe, akitaka mshahara. Nami nilikua, nikajifundisha kuandika kwa kusoma magazeti ya kufungia nyama, na bado nafuta mpaka karatasi inatoboka. Kwa miaka niliamini kisa hiki kinanihusu mimi na madoa yangu, kwamba kuna jasho lisiloonekana kwenye nguo. Labda ni kweli. Lakini kilichonisumbua ni mama. Alijua mapema. Alijua wakati uani kote wanashangilia, na hakumwambia mtu, hata Baba, hata mimi niliyekuwa nimeshika upande wa pili wa jezi tukiikamua.

Nilipoenda kumtembelea juzijuzi, tulikuwa tukimenya minji, njegere za kijani, nikamuuliza kwa nini aliwaacha watu wote waamini.

"Mami," alisema, kama alivyozoea kuniita, "hiyo ndio wakati timu yetu hushinda kila siku. Kabla msimu uanze, hakuna mtu amewahi kutufunga. Sasa mimi ningewaharibia kwa nini?"

Hiyo ndiyo harufu iliyopanda ngazi. Niliacha chai ikapoa, nikashuka. Kulikuwa na jezi moja ndogo haijaingia kwenye beseni, imetundikwa kwenye chuma cha ngazi. Niliigeuza nione mgongo. Jirani akatoka akifuta mikono, akaniambia mtoto ana kocha mpya, kwamba mechi ni mwezi ujao, na je, huoni vile anachafuka, si huyu lazima atachezeshwa?

Matope yote yalikuwa mgongoni.

Nilimwambia naona mtoto anafanya kazi sana. Ni kweli. Na msimu ulikuwa haujaanza.