Dizeli ya Kisima

Mama aliuza dizeli kwa madumu pale Eldas, mlango wake ukipakana na wa jirani aliyefanya biashara hiyohiyo. Mafuta yalipopanda bei, wachungaji walishindwa kununua ya mashine ya kisima, na mashine ikanyamaza. Ngamia walisimama kwenye birika kavu la kunyweshea wakilia. Mama akaanza kuwauzia wachungaji kwa bei ya zamani, chini ya ile aliyonunulia. Mimi nilinuna, maana hasara ile ilikuwa chakula chetu.

Jirani alikuja amekasirika. "Abaayo, wewe ni dada yangu, lakini tulikubaliana. Hakuna kuuza chini ya bei ya kununulia. Unatuharibia soko."

Mama hakubishana. Alimmiminia chai ya maziwa, akasubiri anywe.

"Umesema kweli," akamwambia. "Kuuza hivyo ni makosa. Basi siwauzii tena. Dumu la leo nimewapa, sadaka."

Jirani aliweka kikombe chini, akaondoka bila kuaga. Nikajua wamekosana. Kabla ya alasiri alirudi amekumbatia dumu lake, akaliweka kando ya lile la mama lililokuwa likiwangoja wachungaji.

"Hili nalo haliuzwi," akasema, bado amekunja uso.