Sanduku la Darubini

Watu wa Mashewa walimwita Simeo mwenye maringo. Maringo gani, jamani? Mtu kazaliwa kambi ya mkonge, wazazi wamekufa, ndugu hamjui hata mmoja, na kazi yake pale zahanati ni kuchoma watu vidole na kuitia damu yao rangi apate kuipima. Wengine walimwita mumiani, mnyonya damu. Nani angemkaribisha chakula? Mimi Justa, jirani yake, nilikuwa nikimwona akila ugali peke yake mlangoni, na roho iliniuma.

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, darubini ya kupimia damu ilikuwa moja kwa zahanati mbili: yetu, na nyingine upande wa Kwamsisi, huko Handeni. Wiki hii kwetu, wiki ijayo kwao, ikisafiri kwa basi ndani ya sanduku la mbao. Mpimaji wa kule alikuwa binti wa Kizigua, Swaumu. Hawakuwahi kuonana. Lakini Swaumu alilelewa akijua kwamba chombo cha mwenzio hakirudi kitupu, basi kila sanduku likija, lina karanga za kukaanga. Simeo naye akawa anarudisha machungwa. Siku ya basi ananyoa ndevu! Nikamtania kwamba karanga hazina macho. Akacheka, ndipo nikajua kumbe ana meno.

Wiki moja sanduku likaja bila karanga. Pamoja na darubini mlikuwa na kipande cha kioo tu, chenye damu iliyokwisha kutiwa rangi, kimekwaruzwa jina: Swaumu. Wapimaji wana mwiko wao, hakuna anayejipima mwenyewe. Alikuwa amempelekea mwenzake. Simeo akainamia darubini, akainuka. Akaniambia ni homa ya papasi, kupe wale wa sakafuni, vidudu vimejaa damuni, na bila shaka huko wanamtibu malaria. Akatia dawa na machungwa sandukuni, juu ya darubini, akaondoka nalo ingawa zamu ilikuwa yetu. Watu wakamlaani. Nikawaambia wafunge midomo yao.

Alipanda basi mpaka Korogwe, akadandia lori, kisha akatembea. Alikuta matanga. Swaumu alikuwa amezikwa jana yake.

Wanawake wakamwuliza yeye ni nani wa marehemu. Ndugu si ndugu, mchumba si mchumba. Akasimama na sanduku lake kifuani. Mama yake Swaumu akatoka ndani, akaliona.

"Wewe ndiye wa machungwa," akasema. "Karibu ndani, mwanangu."

Akamketisha pamoja na wafiwa. Alipoaga, yule mama akalijaza sanduku karanga. Swaumu alizikaanga mwenyewe kabla hajazidiwa, ila aliyepeleka sanduku kwenye basi alizisahau.

Simeo alirudi kesho yake jioni. Uso ulisema yote. Akapita mlango wake, akaja mpaka wangu na bakuli la karanga mkononi.

"Dada Justa," akasema, "njoo tule. Hizi siwezi kuzila peke yangu."

Nikaketi. Tukala mpaka zikaisha.